Shajara ya printa ya Mwalimu

Jumamosi, 3 Mei 2025

Printa imefika leo asubuhi kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi la mafuta ya kula lililozungushiwa selotepu. Ni HP LaserJet 1020, mtumba, shilingi 150,000 pamoja na kebo. Nimeinunua kwa ajili ya mke wangu. Hapa mtaani kwetu Tanga kila mtu anamwita Mwalimu, na mimi pia nimezoea hivyo. Anafundisha Sayansi darasa la tano, watoto 92 chumba kimoja.

Naandika kwanza sababu, nisije nikaisahau nikishazama kwenye waya. Mpaka sasa majaribio yake anayaandika ubaoni na watoto wananakili. Mwezi uliopita nilimsaidia kusahihisha madaftari. Swali lilikuwa "Taja kazi mbili za mizizi". Mtoto mmoja wa dawati la nyuma kanakili "Taja kazi mbili za mzazi", akajibu: kupika na kututunza. Kwa mwandiko safi kabisa. Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Yule mtoto amejibu vizuri swali aliloliona, na bado amepata sifuri.

Steshenari ya karibu wanatoa kopi kwa shilingi 100 kila upande. Jaribio la kurasa 4 kwa watoto 92 ni shilingi 36,800. Hiyo huwezi kuitoa kila baada ya wiki mbili.

Lengo la mradi nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika ukutani: Mwalimu achape jaribio lake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kuniita.

Mchana nimeifungua mashine. Haina kioo cha maandishi, mbele ina taa mbili tu, moja ya "tayari" na moja ya "kuna tatizo". Nyuma kuna tundu moja la USB, lile la mraba, na tundu la umeme. Mtandao haina, waifai haina. Nimetoa katriji, kile kikasha cha wino (ni ile ya namba 12A), nikaitikisa taratibu kulia na kushoto ili tona, yaani wino wa unga, itandae. Unga kidogo ulikuwa umemwagika ndani, nikaufuta kwa kitambaa kikavu. Maji ya moto hapana, tona ikipata joto inaganda palepale. Dramu, ile silinda ya ndani ya katriji, sikuigusa, na katriji niliifunika kwa khanga wakati wote ilipokuwa nje, kwa sababu mwanga unaiharibu.

Kompyuta ya nyumbani ni ya mezani, ya zamani, inaendesha Linux Mint, mfumo huria unaotumika mahali pa Windows. Nimechomeka kebo, nikaandika `lsusb`, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, na mstari ukatokea: `03f0:2b17`, LaserJet 1020. Imeonekana! Mint yenyewe ikaiongeza kwenye orodha ya printa kabla sijagusa kitu. Nikatuma ukurasa wa majaribio. Foleni ya uchapaji kwenye kompyuta ikasema kazi imekamilika.

Hakuna kilichotoka. Nikatuma tena, na tena. Mara tatu kompyuta inasema imekamilika, mashine kimya, taa ya kijani inawaka kwa utulivu. Magharibi ikaingia, nikazima.


Jumapili, 4 Mei

Nilianza kwa kushuku kebo. Nikaenda kwa mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana sanduku zima la nyaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Printa imegoma?"

Habari ilishamfikia. Kanipa kebo yake, nene, fupi, nzuri kuliko yangu. Matokeo yakawa yaleyale. Kwa hiyo kebo haikuwa na kosa, na saa nzima imekwenda. Ningetumia akili ningejua, maana kompyuta isingeweza kusoma jina la mashine kupitia kebo mbovu.

Hapa ndipo nilipotulia nikasoma. Na jambo lenyewe ni zuri kulielewa, kwa hiyo nalieleza kirefu.

Printa nyingi za ofisini zina akili yao. Unazitumia maelezo ya ukurasa, herufi hii hapa, mstari ule pale, nazo zinauchora zenyewe. Hii 1020 ilitengenezwa iwe ya bei nafuu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamishiwa kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo inayouchora ukurasa wote, nukta kwa nukta, kisha inausukuma kwa lugha iitwayo ZjStream. Mashine yenyewe ina kumbukumbu ya MB 2 tu. Zaidi ya hapo, hata programu yake ya ndani, ile inayoiambia jinsi ya kuwa printa, haikai ndani yake. Ukizima umeme inafutika. Kila inapowashwa inasubiri kompyuta iipelekee upya. Jana ilikuwa macho lakini haijui kazi yake ni nini, na kurasa zangu zilikuwa zinamiminika mahali pasipo na mtu wa kuzipokea.

Programu hiyo ya ndani haimo kwenye Mint kwa sababu si programu huria, yaani msimbo wake hauko wazi kwa kila mtu. Kifurushi cha HPLIP, programu za HP za kuendesha printa zake kwenye Linux, kinakuja chenyewe, lakini kile kipande kinashushwa pembeni na lazima kilingane na toleo la HPLIP ulilo nalo. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaandika `hp-plugin -i`, nikakubali masharti, nenosiri, nikasubiri. Bando halikuliwa sana.

Kilipomaliza, nikaizima printa, nikahesabu hadi kumi, nikaiwasha. Sekunde kadhaa kimya. Halafu ikaguna, rola zikazunguka ndani, ikanyamaza. Jana haikuwahi kutoa sauti hiyo. Nikatuma ukurasa wa majaribio, na karatasi ikatoka imelala kifudifudi, ya moto, na ile harufu ya tona iliyotoka kuivishwa. Mwalimu alitoka jikoni na mikono ya unga wa ngano, akaitazama bila kuigusa.

Kuna kisa nimekikumbuka nikiwa nasubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa programu Richard Stallman alikuwa chuo cha MIT, Marekani, na maabara yao ilipewa printa ya leza ya Xerox. Alitaka kuongeza kipande cha programu kiwajulishe watu karatasi ikikwama, akanyimwa msimbo wa programu ya printa hiyo. Ni moja ya mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, na leo sehemu kubwa ya Linux tunayotumia inatokana na mradi huo. Wapo pia waliofanya kazi ya kuichunguza lugha ya printa kama hii yangu mpaka wakaandika draiva huria ya foo2zjs, kazi ya Rick Richardson. Nawashukuru kwa dhati. Bila watu wa namna hiyo mashine kama hii ingekuwa chuma chakavu kwa anayetumia Linux.


Jumanne, 6 Mei

Umeme ulikatika jioni, ukarudi saa tatu usiku. Nikiwa bafuni nasikia:

"Baba watoto, mashine yako imelala tena."

Mwalimu alikuwa amewasha kila kitu, katuma jaribio, kimya. Nikajua mara moja kilichotokea, lakini swali lilikuwa: mbona kompyuta haikuipelekea ile programu yenyewe, wakati Jumapili iliipelekea?

Nikafanya majaribio sita, matatu kwa mpangilio mmoja na matatu kwa mwingine, naandika pembeni. Kompyuta ikitangulia kuwaka mpaka mwisho, kisha printa: inaguna, mara tatu kwa tatu. Printa ikitangulia, kisha kompyuta: kimya, mara tatu kwa tatu. Kumbe ule utaratibu unaoipelekea programu unashtuliwa na tukio la printa kuchomekwa au kuwashwa. Ikiwa ilishawashwa kabla kompyuta haijaamka sawasawa, tukio linapita bila kushughulikiwa. Umeme ukirudi ghafla, vyote viwili vinapata umeme kwa pamoja, na printa haina haja ya dakika nzima ya kuamka.

Tena foleni ilikuwa imejisimamisha baada ya kushindwa, kwa hiyo hata mashine ikiamka, kazi zilizobaki haziendi mpaka uiruhusu foleni upya.

Ningeweza kumwambia Mwalimu aandike amri mbili. Sikutaka. Nimeandika faili dogo lenye mistari miwili ya maana, `hp-firmware` kuipelekea programu ya ndani na `cupsenable Mwalimu` kuifungua foleni (nimeipa foleni jina lake), nikaliweka kwenye uso wa kompyuta na alama ya jogoo. Jina lake: AMSHA PRINTA. Amelibonyeza mwenyewe saa nne usiku. Ikaguna. Akacheka kwa furaha, akaizima, akaniambia nisubiri, akaiwasha tena akabonyeza tena.


Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kuhamisha. Kompyuta iko chumbani kwa watoto, Mwalimu anafanyia kazi zake sebuleni. Nikataka printa ikae sebuleni. Nikaunga kebo mbili na kiungio, jumla mita 6 hivi, nikapitisha juu ya mlango. Ukurasa wa kwanza ulitoka. Wa pili ukakatika katikati, nusu ya maandishi na nusu nyeupe, na printa ikapotea kabisa kwenye orodha. Kebo ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, tena kebo moja nzima. Nikarudisha ya mzee, na printa imebaki chumbani kwa watoto, kwenye stuli kando ya meza. Meza ya Mwalimu ndiyo itakayohama.

Kosa la pili la leo: nilichomeka printa kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba, pamoja na kompyuta nikidhani naikinga na kukatika kwa umeme. Kila ilipotaka kuchapa, UPS ilipiga kelele na taa ya kuzidiwa ikawaka. Printa ya leza ina kipande cha kuivisha tona, kinachopashwa joto kali ili unga uyeyuke ushike karatasi, na kikianza kupata moto kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo. UPS ndogo ya nyumbani haiwezi kubeba mkupuo huo. Sasa kompyuta iko kwenye UPS, printa iko kwenye soketi ya ukutani kupitia kinga ya umeme. Mpangilio huu una faida nyingine: umeme ukikatika kidogo, kompyuta haizimi, kwa hiyo printa ikirudi inakuta kompyuta iko macho na inapelekewa programu yake yenyewe. Leo imetokea mara mbili na hakuna aliyebonyeza jogoo.


Jumatano, 14 Mei

Karatasi zimeanza kukwama. Mvua za masika bado zipo, hewa ya huku pwani ni nzito, na rimu ilikuwa wazi juu ya kabati tangu wiki iliyopita. Nimechukua karatasi moja nikaishika kwa kona: imelegea, na ncha zake zimejikunja. Karatasi zilizonyonya unyevu zinashikana mbili mbili, na zikipita kwenye joto zinajikunja zaidi.

Sasa rimu inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na zinatolewa zile tu za kutumika, baada ya kuzipepeta kwa kidole gumba ziachane. Pia nimetoa rola ya kuvutia karatasi nikaipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ilikuwa imepakwa vumbi la karatasi mpaka inang'aa. Baada ya hapo karatasi 60 zimepita bila kukwama.


Jumamosi, 17 Mei

Leo nimeshinda kwenye jambo moja: kuchapa pande mbili. Mashine haigeuzi karatasi yenyewe, na bila pande mbili hesabu ya karatasi inakuwa mara mbili.

Niliharibu karatasi nyingi kabla ya kuchukua penseli. Nimechora mshale kwenye karatasi moja tupu, unaelekea ndani ya mashine, upande wa juu, kisha nikachapa ukurasa mmoja juu yake. Jibu likapatikana: inachapa upande unaotazama juu, kichwa cha ukurasa kinatangulia kuingia. Karatasi inapinda ndani na kutokea juu ikiwa kifudifudi, kichwa kikielekea kwako.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Unachapa kurasa witiri kwanza, 1 na 3. Unachukua rundo lote kama lilivyo, bila kulibinua, unalizungusha tu kichwa kielekee ndani, unalirudisha kwenye trei. Kisha unachapa kurasa shufwa kwa mpangilio wa kinyume, 4 halafu 2. Ukimaliza, rundo linatoka na ukurasa wa 1 juu kabisa, likitazama juu, tayari kwa stepla. Nilipoona limetoka limejipanga lenyewe nilimwita Mwalimu aje aone.

Angalizo moja tu: jaribio likiwa na kurasa 5, karatasi ya ukurasa wa 5 haina mgongo, kwa hiyo itolewe kwenye rundo kabla ya duru ya pili. Usipoitoa, kila kitu kinasogea na ukurasa wa 4 unachapwa nyuma ya wa 5. Na kwa nakala nyingi, kompyuta ipange seti moja moja, kisha Mwalimu achape kwa mafungu. Trei inabeba karatasi 150, na watoto 92 kwa karatasi 2 ni 184, kwa hiyo lazima yawe mafungu mawili. Tumechagua nakala 46, kisha 46.

Hapohapo akaniuliza kama angeweza kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu, kwa kuwa walimu wenzake humtumia maswali kwa WhatsApp. Printa haina waifai lakini kompyuta inayo, basi kompyuta imsemee. CUPS, mfumo wa uchapaji wa Linux ulioanzishwa na Michael Sweet miaka ya 1990, umekuwa ukifanya hivyo tangu zamani. `cupsctl --share-printers`, nikairuhusu foleni ishirikishwe, nikafungua mlango namba 631 kwenye ukuta wa moto, ile programu inayozuia wageni wa mtandao, basi. Simu ya Mwalimu ikiwa kwenye waifai ya ruta yetu, akigusa "Chapisha" anaiona printa yenye jina lake. Bando haliguswi, hata ruta isipokuwa na intaneti inafanya kazi, kwa sababu faili halitoki nje ya nyumba. Akiwa kwenye data ya simu haioni, na hilo nimemweleza mara mbili.

Ukurasa wa kwanza kutoka simuni ulikatwa pembeni. Simu ilikuwa imechagua Letter, karatasi ya Kimarekani, pana kuliko A4 na fupi kuliko A4. Ukishachagua A4, tatizo limekwisha.


Ijumaa, 23 Mei

Nimerudi kazini saa kumi na moja. Chumba cha watoto kina joto la mashine. Mezani kuna marundo mawili, seti 46 kila moja, zimepigwa stepla kona ya kushoto. Simu yangu haikuita mchana kutwa.

Hesabu yake, aliyoifanya mwenyewe nyuma ya karatasi iliyoharibika: rimu shilingi 13,000 kwa karatasi 500, yaani shilingi 26 kila moja, kwa karatasi 184 ni 4,784. Kujaza tona shilingi 20,000, na katriji hii hukadiriwa kurasa 2,000 zenye maandishi ya kawaida, yaani shilingi 10 kwa ukurasa, kwa kurasa 368 ni 3,680. Jumla 8,464. Chini yake ameandika 36,800 na kuipigia mstari mara mbili. Umeme hajauweka, nitaupima wiki ijayo.

Kasi ya mashine ni kurasa 14 kwa dakika, kwa hiyo kuchapa kwenyewe kungetosha nusu saa. Ameniambia ametumia saa moja na robo, kwa kuwa kila fungu alichapa kwanza seti moja, akaisoma yote, ndipo akaruhusu zilizobaki. Mimi nisingefanya hivyo, na kwenye fungu la kwanza alikuta swali la 7 limekosa mchoro.

Ile karatasi yangu ya lengo ameitoa ukutani. Mahali pake kuna nyingine, kwa mwandiko wake wa ubaoni:

Washa kompyuta. Subiri itulie.
Washa printa. Subiri igune.
Isipoguna, bonyeza jogoo.
Karatasi zitoke kwenye ndoo, zipepetwe.
Seti moja kwanza. Isome.
Witiri, zungusha usibinue, shufwa kinyume.

Kilichobaki upande wangu ni kurudisha kebo ya mzee na kununua nyingine kama hiyo, mita 2, nene. Na kutafuta rola mpya ya kuvutia karatasi, hii imeanza kuwa laini. Mwalimu amenitumia ujumbe kutoka sebuleni akitaka kujua kama mchoro wa mzizi unaweza kuchapwa ukaonekana vizuri hadi kwenye vinyweleo. Nadhani unaweza. Kesho tutajaribu kwa nukta 600 kwa inchi.